Kazi Iliyo Nyuma ya Tarakimu: Kujifunza Kujenga Ghala la Data

Mada ni taaluma inayotajwa mara kwa mara katika matangazo ya kazi, iwe ni Muscat na Dubai au London na Minneapolis, nayo ni ujenzi wa mifumo ya taarifa za biashara kwa kutumia zana za hifadhidata. Wanaoianza taaluma hii aghalabu huanzia kwenye kioo cha kompyuta, yaani kwenye grafu za rangi na ramani zinazobadilika mtu anapozigusa. Mazungumzo haya yanaanzia upande wa pili, kule ambako tarakimu hutoka, kwa sababu huko ndiko hasara huzaliwa.

Jumapili tarehe 4 Oktoba 2020, waliokuwa wakifuatilia takwimu za kila siku za ugonjwa wa Covid-19 nchini Uingereza walikuta tarakimu iliyowashtua. Wagonjwa wapya waliotangazwa siku hiyo walikuwa 22,961, ilhali siku mbili tu nyuma idadi ilikuwa ikielea karibu na 7,000. Ugonjwa haukuwa umeruka kiasi hicho kwa usiku mmoja. Idara ya Afya ya Umma ya England ilieleza kwamba wagonjwa 15,841 waliachwa nje ya hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, na kwamba sasa walikuwa wakiingizwa kwa mkupuo.

Chanzo chake kilikuwa kidogo mno. Maabara zilipeleka majibu kwa mafaili ya maandishi matupu. Mfumo wa idara uliyapokea na kuyamimina katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ule ambao jina la faili huishia na herufi xls. Muundo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536 katika ukurasa mmoja. Kwa kuwa kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, jedwali lilijaa baada ya wagonjwa wapatao 1,400, na waliobaki wakadondoka nje kimya kimya.

Waliopimwa waliarifiwa majibu yao kama kawaida. Lakini majina yao hayakufika kwa wakati kwa wafuatiliaji, watu ambao kazi yao ilikuwa kuwapigia simu na kuwauliza wamekutana na nani, wamekula na nani, wamelala nyumba gani. Kwa siku kadhaa jamaa na wafanyakazi wenzao waliendelea na shughuli zao bila kuonywa. Wachumi wawili, Thiemo Fetzer na Thomas Graeber, walilichunguza tukio hilo, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 walionyesha kwamba ucheleweshaji huo ulifuatiwa na maambukizi na vifo vingi zaidi katika maeneo yaliyoathirika nao.

Watu wengi waliicheka Excel. Kicheko hicho hakikuwa cha haki kabisa. Muundo mpya wa programu hiyo, uliotoka na toleo la mwaka 2007, hubeba mistari 1,048,576, na hata huo una mwisho wake. Kilichokosekana hasa ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi ile, yaani hifadhidata, pamoja na hesabu moja ndogo ambayo karani yeyote wa ghala la bandarini anaijua: magunia mangapi yameingia, na mangapi yamepangwa ndani.

Neno ghala halikutumiwa hapa kwa bahati. Wataalamu wenyewe huita hifadhi ya namna hii ghala la data. Historia yake si ndefu. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM mzaliwa wa Ujerumani, aliandika makala kuhusu mfumo wa kuwafikishia watu wa shirika taarifa wanazozihitaji kwa shughuli zao. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo hiyo huko California, alipendekeza data itunzwe katika majedwali yanayohusiana, na miaka minne baadaye Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaeleza lugha ya kuyauliza maswali majedwali hayo, lugha inayojulikana leo kama SQL. Mwaka 1988 Barry Devlin na Paul Murphy, wa IBM nchini Ireland, walieleza ujenzi wa ghala lililotengwa na shughuli za kila siku. Kisha vikaja vitabu viwili ambavyo bado vinawagawa mafundi katika makundi mawili: cha Bill Inmon mwaka 1992, na cha Ralph Kimball mwaka 1996. Kwa ufupi, Inmon anataka ghala la shirika zima lipangwe kwanza, na Kimball anataka kuanza na shughuli moja, mathalani mauzo, na kuongeza nyingine baadaye. Kwa anayejifunza peke yake chumbani baada ya zamu ya kazi, njia ya Kimball ndiyo inayoshikika.

Zana hazina shida ya kupatikana. Zamani mifumo ya aina hii ilikuwa mali ya mabenki na makampuni makubwa. Mambo yalianza kulegea mwaka 1998, pale Microsoft ilipoambatanisha uchanganuzi wa namna hii na hifadhidata yake ya SQL Server 7.0, baada ya kununua teknolojia kutoka kampuni ya Panorama ya Israel. Leo toleo la SQL Server la wanaojifunza na kutengeneza programu hutolewa bila malipo, PostgreSQL ni programu huria ya bure tangu mwanzo, na Power BI Desktop, iliyo maarufu kwa kuchora ripoti, nayo haina bei kwa anayeitumia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Microsoft hutoa pia hifadhidata ya mazoezi ya kampuni ya kubuni ya baiskeli iitwayo AdventureWorks. Ni nzuri kwa kuzoea amri. Kasoro yake ni kwamba data yake ni safi mno, na anayehitimu kwa baiskeli hizo hushangaa anapoletewa daftari la duka halisi.

Basi na achukuliwe mfanyabiashara wa kubuni mwenye maduka matatu nchini Oman: Ruwi, Seeb na Salalah. Anataka kujua jambo linaloonekana jepesi: ni duka lipi linaloleta faida, na katika siku zipi. Anayejifunza hushawishika kukimbilia grafu. Swali la kwanza, hata hivyo, ni hili: mstari mmoja wa jedwali la mauzo unasimama badala ya nini? Je, ni risiti moja, au ni bidhaa moja ndani ya risiti, au ni jumla ya siku nzima? Mafundi huita jambo hili punje ya jedwali. Punje ikishachaguliwa, kila tarakimu katika jedwali hilo lazima iwe ya kipimo hicho hicho.

Hatari ya kutozingatia punje huonekana katika mfano huu. Mteja amenunua bidhaa 3 kwa risiti moja, na akalipa rial 2 za kupelekewa mzigo nyumbani. Jedwali lina mstari mmoja kwa kila bidhaa, na fundi ameandika zile rial 2 katika mistari yote 3. Mwisho wa mwezi amri ya kujumlisha inatoa rial 6. Kompyuta haikukosea, imejumlisha ilichopewa. Mwenye duka anaamini kwamba upelekaji wa mizigo unamletea fedha nyingi, anaajiri dereva wa pili, na baada ya miezi michache anajiuliza mshahara wa dereva huyo utoke wapi. Dawa ni mbili: ama gharama hiyo igawanywe kati ya bidhaa zote 3, ama iwekewe jedwali lake lenye punje ya risiti.

Jedwali hilo la mauzo, ambalo huweza kuitwa jedwali la matukio, hubeba tarakimu na funguo tu. Maelezo hukaa pembeni, katika majedwali ya bidhaa, ya wateja, ya maduka na ya tarehe, na yote huunganishwa na lile la katikati. Ukiyachora kwenye karatasi, umbo lake ni la nyota. Lugha ya SQL inayohitajika kuliuliza umbo hilo si nyingi: kuchagua kwa SELECT, kuunganisha kwa JOIN, kukusanya kwa GROUP BY. Mwenye bidii huzijua amri hizo ndani ya miezi michache. Kinachochukua muda ni kuyajaza majedwali hayo bila kusema uongo.

Fedha kwanza. Rial ya Oman ina baisa 1,000, si senti 100. Mafunzo mengi yametungwa kwa dola, na mwanafunzi hunakili safu ya bei yenye tarakimu 2 baada ya nukta. Sabuni ya baisa 275, yaani rial 0.275, huandikwa 0.28. Zikiuzwa sabuni 2,000, ghala litaonyesha rial 560, na sandukuni mna rial 550. Rial 10 ni kidogo, lakini mhasibu akiona tofauti asiyoweza kuieleza huacha kuliamini ghala lote, na hana kosa. Nayo majina ya Kiarabu, yakihifadhiwa katika safu ya SQL Server isiyotayarishwa kwa hati hiyo, hugeuka kuwa mfululizo wa alama za kuuliza, na yakishageuka hayarudi. Ama yakiandikwa kwa herufi za Kirumi, Said, Saeed na Saiid huwa wateja watatu ilhali aliyeingia dukani ni mmoja.

Lililo tajiri zaidi ni jedwali la tarehe. Wageni wa taaluma hii hulidharau, kwa kuwa kila mtu anadhani anaijua kalenda. Kwanza, juma linaanza lini? Katika SQL Server iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani siku ya kwanza ni Jumapili, ikiwekwa kwa kile cha Uingereza ni Jumatatu, na majina yenyewe ya Kiswahili yanahesabu kuanzia Jumamosi. Ripoti moja ikifunguliwa katika seva mbili inaweza kutoa majuma mawili tofauti. Pili, mwisho wa juma ni upi? Oman ilihama kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikwisha kufanya badiliko kama hilo mwaka 2006, kisha ukahamia Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa mwaka 2022. Kwa hiyo neno mapumziko haliwezi kukokotolewa kwa kanuni moja ya programu. Lazima liandikwe siku kwa siku, nchi kwa nchi, katika jedwali.

Tatu, kuna mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Nchini Oman Idi ya Fitri ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, na ya mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Duka la nguo huuza sana katika siku za mwisho za mfungo. Fundi anayelinganisha Aprili na Aprili ataona mauzo yameporomoka, na meneja aliyepewa ripoti hiyo anaweza kumwachisha kazi muuzaji asiye na kosa lolote. Jedwali la tarehe lenye safu ya mwezi wa Hijria hulinganisha Ramadhani na Ramadhani, na tuhuma hiyo huyeyuka. Anayejenga leo na afahamu pia kwamba mwaka 2030 unatarajiwa kuona Ramadhani ikianza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mfumo uliodhani mfungo ni mmoja kwa mwaka utakwama hapo.

Kadhalika kuna mambo yanayobadilika polepole. Mteja mkubwa aliyekuwa akiishi Salalah amehamia Seeb. Fundi akifuta mji wa zamani na kuandika mpya, manunuzi yake yote ya miaka iliyopita yanahamia Seeb pamoja naye, na duka la Salalah linaonekana kama halikuwahi kuwa na mteja huyo. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, ila yaliyopita yameandikwa upya. Njia inayopendekezwa na Kimball kwa hali kama hii ni kumwekea mteja mstari wa pili wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuishia, na kila mstari uwe na ufunguo wake usiotegemea namba ya mteja. Manunuzi ya zamani hubaki yameshikamana na mstari wa zamani. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza Oman tarehe 16 Aprili 2021, huhitaji uangalifu huo huo, kwani bei ya kabla ya siku hiyo na ya baada yake si vitu vya aina moja.

Kazi hii haikomei madukani. Afrika Mashariki inayo mfano mkubwa zaidi, nao uko katika vituo vya afya. Mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na wenye mizizi yake Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, ulienezwa nchi nzima nchini Kenya mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Nyuma ya ramani zake kuna majedwali kama yale ya mwenye maduka, na huko somo la kisanduku kitupu ndilo zito.

Kila mwezi kituo hujaza fomu. Mahali pa idadi ya wagonjwa wa malaria pakiwa patupu, maana yake ni nini? Huenda hakukuwa na mgonjwa. Huenda vipimo viliisha. Huenda muuguzi alikuwa peke yake na hakupata nafasi ya kuandika. Katika SQL utupu huo huitwa NULL, nao si sifuri. Vituo 3 vikileta 30, 0 na utupu, amri ya wastani huuruka ule utupu na kutoa 15. Fundi aliyeugeuza kuwa sifuri atapata 10. Tarakimu zote mbili zinaweza kuwa kosa, na dawa za wilaya huagizwa kwa kufuata mojawapo. Ndiyo sababu mfumo huo huonyesha pia ni vituo vingapi vilivyoleta ripoti kati ya vile vilivyotarajiwa, na ndiyo sababu mwenye kuuweka huamua mapema kama sifuri iliyoandikwa itahifadhiwa au itaachwa. Ramani ya malaria isiyofuatana na idadi ya waliokaa kimya haifai kuwekwa mezani kwa mganga mkuu.

Inabaki kazi ya usiku, ile ya kuchukua data kutoka madukani, kuisafisha na kuipakia ghalani. Hapa anayejifunza apate mazoea matatu, na asiyaache hata akiwa bingwa. Data ipokelewe kwanza katika majedwali ya muda, kama ilivyokuja, pasipo kurekebishwa, ili pakitokea ubishi ushahidi uwepo. Upakiaji uandikwe kwa namna ambayo ukirudiwa mara mbili hauongezi kitu, kwani umeme hukatika, mtandao hukatika, na mtu ataurudia tu. Mauzo ya Jumatano yaliyopakiwa mara mbili huwa habari njema kwa siku moja na fedheha kwa mwezi mzima. La tatu ni jedwali dogo la ukaguzi: faili gani limefika, lilikuwa na mistari mingapi, mingapi imeingia, mingapi imekataliwa na kwa sababu gani, na jumla ya fedha kwenye chanzo ni ngapi. Hesabu mbili zisipolingana, ripoti ya asubuhi isitoke. Afadhali mwenye maduka akasirike kwa kukosa ripoti kuliko kuagiza kontena zima kwa kuitegemea iliyopunguka.

Mafunzo ya intaneti husema machache sana juu ya jedwali hilo la ukaguzi, pengine kwa sababu halipendezi kwenye picha. Waajiri wanaojua kazi huuliza habari zake. Anayetaka kuonyesha ujuzi wake na aache baiskeli za AdventureWorks baada ya miezi ya mwanzo, aombe ruhusa ya kutumia data ya duka la jirani, ya chama cha kuweka na kukopa, au ya madrasa inayotoza ada, aondoe majina ya watu, kisha ajenge ghala dogo la majedwali manne au matano.

Siku ya kulikabidhi, mwenye duka huja na daftari lake. Anafungua ukurasa wa mwezi uliopita, anasoma jumla aliyoiandika kwa mkono, na inatofautiana na ya kwenye kioo kwa rial 40. Fundi aliyeanzia kwenye grafu hubaki akibishana. Aliyeanzia kwenye punje hurudi kwenye jedwali la matukio, anachuja kwa tarehe, anashuka risiti kwa risiti, na kabla chai haijapoa anamwonyesha mizigo miwili iliyorudishwa dukani Seeb, ambayo daftari halikuwahi kuitoa.